Kuifanya .22 ya bei nafuu ikubali risasi za kasi ndogo

Mwenye bunduki ya .22 (yenye mtutu wa takriban inchi 0.22) inayojikoki yenyewe ya bei ya chini, iwe Ruger 10/22, Marlin Model 60, Savage 64, Mossberg 702 au Rossi RS22, hakawii kutamani risasi za kasi ndogo. Hazina ule mlio mkali wa kupasua hewa, na nyingi hujikusanya vizuri kwenye karatasi ya shabaha. Ananunua boksi, anajaza magazini, anafyatua ya kwanza. Ya pili haiji. Ganda limebanwa kwenye mlango wa kutolea maganda, au bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) imejifunga juu ya chemba tupu, pale risasi inapolala kabla ya kufyatuliwa. Jioni hiyohiyo anaanza kuulizia springi nyepesi ya bolti.

Ninayaandika haya baada ya kumsaidia rafiki mwenye Marlin 60 aliyekuwa tayari amechagua springi ya kununua. Bunduki yake haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa chafu mahali ambapo watu hawapasafishi, na risasi alizochukua hazikutengenezwa kwa bunduki ya aina yake. Mambo hayo mawili ndiyo yanayomaliza matatizo mengi ya namna hii, kwa hiyo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa. Mengine nitayapitia haraka.

Nachukulia kwamba unamiliki bunduki hiyo kihalali, unafyatulia mahali panaporuhusiwa, unajua kuitoa risasi na kuhakikisha ni tupu, na unaweza kuifungua na kuifunga kwa kufuata kijitabu chake. Miwani na vikinga masikio huvaliwa hata kwa risasi za polepole. Kwa miwani nina sababu ya ziada, nitaieleza.

Hatua ya 1: Jua ni nini kinachoirudisha bolti

Bunduki hizi zote hufanya kazi kwa njia moja rahisi. Bolti haifungwi kwa komeo lolote. Uzito wake na springi iliyo nyuma yake ndivyo tu vinavyoishikilia. Baruti ikiwaka, gesi inasukuma kichwa cha risasi mbele na ganda nyuma. Ganda linaipiga bolti teke, bolti inarudi nyuma, inakoki nyundo, inalitupa ganda nje, kisha springi inairudisha mbele ikiwa na risasi mpya.

Kwa hiyo nguvu yote ya kuendesha mashine hii inatoka kwenye teke la ganda moja dogo. Watengenezaji wengi wamepima uzito wa bolti na ugumu wa springi kwa kufikiria risasi za kasi kubwa, maana hizo ndizo zinazouzwa zaidi. Ukipunguza teke, hakuna mahali pengine pa kuazima nguvu. Kitu chochote kinachoikwaza bolti njiani, ambacho risasi kali ingekipita bila wewe kujua, sasa kinatosha kuisimamisha.

Hatua ya 2: Chagua risasi kwa hesabu, usiangalie kasi peke yake

Kwenye boksi utakuta namba mbili: uzito wa kichwa cha risasi kwa greini, na kasi kwa futi kwa sekunde. Greini moja ni takriban gramu 0.065, futi moja ni mita 0.3048. Geuza zote mbili, kisha zidisha uzito kwa kasi. Jibu utakalopata linakuonyesha kwa ukaribu ukubwa wa teke.

Chukua CCI Mini-Mag, ambayo karibu kila .22 huila bila malalamiko. Greini 40 ni gramu 2.6, na kasi ni futi 1,235, yaani mita 376 kwa sekunde. Zidisha: 978. Hicho ndicho kipimo changu cha kulinganishia.

CCI Standard Velocity ina uzito uleule na futi 1,070, yaani mita 326. Jibu ni takriban 848. Hii iko chini ya kasi ya sauti, ambayo kwenye hewa ya nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde. Hewa ikipoa kasi ya sauti inashuka. Kwenye nyuzi 0 ni mita 331. Ndiyo maana risasi iliyo ukingoni hivi inaweza kukaa kimya mchana wa joto, kisha asubuhi ya baridi moja moja zikaanza kupasua hewa.

Sasa CCI Quiet-22 ya kawaida: greini 40, futi 710, yaani mita 216. Jibu ni 562. Na nishati inayobaki kwenye bolti haipungui sambamba na teke. Inafuata mraba wake. Teke la 562 dhidi ya 978 ni zaidi kidogo ya nusu, lakini nishati ya bolti ni kama theluthi moja tu. Theluthi moja ya nishati haiwezi kukoki nyundo, kutupa ganda na kubana springi mpaka mwisho. Risasi hiyo imekusudiwa bunduki za kukoki kwa mkono. Ukiitia kwenye bunduki inayojikoki, itabidi uvute mkono wa bolti kila mara. Hakuna ubaya, wapo wanaopenda hivyo, ila usiilaumu bunduki.

Kampuni hiyohiyo ina Quiet-22 Semi-Auto: greini 45, futi 835. Gramu 2.9 mara mita 254 ni karibu 737. Tazama walichofanya. Waliongeza uzito wa kichwa, wakaongeza kasi kidogo, na teke likapanda sana huku mlio ukibaki mdogo. Kwa risasi tulivu katika bunduki ya bei nafuu, hiyo ndiyo njia ninayoiamini: kichwa kizito zaidi.

Uzito nao una mpaka wake. Aguila SSS ya greini 60, kwa futi 950, inatoa zaidi ya 1,100, yaani teke kubwa kuliko la Mini-Mag. Bolti itaruka bila shida. Lakini kichwa kile ni kirefu, na mitutu mingi ya .22 ina mifereji ya ndani inayojisokota mara moja kila inchi 16, ambayo haitoshi kukituliza. Kinaanza kuyumba hewani na kufika kwenye karatasi kikiwa ubavu, kikiacha tundu refu kama la ufunguo. Kinahitaji mtutu unaosokota haraka zaidi, kama inchi 9. Tena risasi hiyo ina ganda fupi. Kumbuka hili, tutalirudia kwenye chemba.

Zile zisizo na baruti kabisa, zinazosukumwa na fataki peke yake kama Aguila Colibri, usizitie kwenye bunduki ndefu. Kichwa kinaweza kuishiwa nguvu na kukwama ndani ya mtutu.

Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua boksi moja la risasi za kasi ya kawaida, zile za futi 1,050 hadi 1,080. Bunduki ikizila vizuri, ndipo ushuke kwenye za greini 45. Usianzie chini ukapanda.

Hatua ya 3: Pata msingi wa kulinganisha

Fyatua magazini kadhaa za risasi za kasi kubwa kwanza. Kama bunduki ni mpya kabisa, fyatua mia moja au mia mbili ili vyuma vizoeane. Ikikwama hata kwa hizo, tatizo haliko kwenye kasi ya risasi, na mwongozo huu hautakusaidia mpaka ulitatue.

Angalia pia maganda yanaangukia wapi. Weka alama chini. Utaihitaji baadaye.

Hatua ya 4: Safisha chemba, si mtutu

Hapa ndipo rafiki yangu alipopotezea muda, na ndipo wengi wanapoupotezea. Ukimuuliza mtu kama bunduki yake ni safi, atakuambia ameivuta kamba ya kusafishia mara tatu na kitambaa kimetoka cheupe. Ni kweli, mtutu ni safi. Lakini kamba hupita katikati ya chemba ikielekea mtutuni bila kuisugua sawasawa, kwa sababu chemba ni pana kidogo kuliko mtutu. Masizi, nta na madini ya risasi hubaki yamejibandika kwenye kuta zake.

Risasi za polepole huichafua chemba zaidi. Vichwa vyao mara nyingi ni vya madini laini yasiyofunikwa shaba, vikiwa vimepakwa nta au grisi. Shinikizo lao pia ni dogo, kwa hiyo ganda halitanuki vya kutosha kuziba chemba mara moja, na gesi kidogo inarudi nyuma pembeni yake. Utaona maganda yakitoka yakiwa meusi ubavuni. Hiyo ndiyo sababu ya ziada ya kuvaa miwani. Na kadiri chemba inavyochafuka, ndivyo ganda linavyoing'ang'ania. Na teke ambalo tayari ni dogo sasa linatumika kulibandua ganda ukutani badala ya kuisukuma bolti.

Tatizo la pili ni jinsi ya kuifikia. Kwenye 10/22 nyingi na kwenye Marlin 60, nyuma ya bunduki pamezibwa, kwa hiyo ufito mrefu hauwezi kuingizwa moja kwa moja kutokea nyuma. Ukiuingiza kutokea mdomoni, hutaweza kuisugua chemba vizuri, na ufito wa chuma ukikwaruza mdomo wa mtutu unaharibu ulengaji. Ninachotumia ni brashi ya shaba ya chemba, ile iliyonona kidogo kuliko ya mtutu, iliyofungwa kwenye kipande kifupi cha kebo inayopinda. Ukikosa brashi ya chemba, brashi mpya ya .22 ambayo bado ina nywele ngumu inatosha. Brashi iliyochoka haifai, inapita tu.

Fanya hivi. Toa magazini, hakikisha hakuna risasi, toa bolti. Geuza bunduki ili mlango wa kutolea maganda utazame chini, dawa ya kusafishia isitiririkie kwenye kifyatulio. Lowesha brashi, ipake chemba dawa, kisha uiache kama robo saa. Usiruke kusubiri huku. Nta iliyochanganyika na masizi haitoki kwa nguvu, inatoka kwa kulainika. Halafu ingiza brashi na uizungushe, usiivute mbele na nyuma. Zungusha kuelekea upande unaokaza nyuzi za brashi, la sivyo itajifungua na kubaki ndani. Mizunguko kumi au kumi na mitano, futa kwa kitambaa, tazama, rudia. Mara ya kwanza utarudia zaidi ya mara moja, hasa kwa bunduki iliyotumika.

Brashi ya chuma cha pua sitaki hata kuiona karibu na chemba. Wala usifunge brashi kwenye drili ya umeme. Wapo wanaofanya hivyo na kujisifu, lakini chemba ya bunduki ya bei nafuu haihitaji kupanuliwa. Kama bunduki yako ina sehemu za plastiki ndani, soma chupa ya dawa kwanza, maana nyingine hula plastiki.

Sasa chukua tochi ndogo utazame. Unatafuta pete nyeusi mbele kabisa, pale mdomo wa ganda unapoishia. Ganda la .22 LR (Long Rifle), ile risasi ya kawaida ya bunduki hizi, lina urefu wa milimita 15.6. La .22 Short lina 10.7, na SSS niliyoitaja hutumia ganda fupi la namna hiyo. Ukishafyatua risasi za ganda fupi kwa wingi, pete inajengeka karibu milimita tano nyuma ya mahali pake, kwenye eneo ambalo ganda refu linatakiwa kulala. Ukirudi kwenye LR, ganda linaingia kwa kulazimishwa na kutoka kwa kulazimishwa. Ukinunua bunduki iliyotumika na ikawa na ukaidi usioeleweka, pete hii ndiyo ya kuichunguza mwanzo.

Mwisho, zungusha pamba ya masikio kwenye ukingo wa chemba. Nyuzi zikinasa mahali pamoja, kuna chuma kilichofinyangwa na pini ya kufyatulia, pengine kwa sababu mtu alikuwa akifyatua bunduki tupu isiyoruhusu hivyo. Kidonda hicho kinang'ata ganda. Usikiguse na tupa. Mpelekee fundi bunduki, kwake ni kazi ndogo mno.

Ukimaliza, iache chemba kavu kabisa. Mafuta ndani yake hunasa masizi mapya.

Mtutu wenyewe sihangaiki nao. Risasi zenye nta hulenga vizuri mtutu ukishapakwa nta hiyo, na ukiusugua mpaka ung'ae utalazimika kufyatua kumi au ishirini kabla hazijajikusanya tena.

Hatua ya 5: Bolti na mafuta

Futa uso wa bolti. Chokonoa chini ya ndoano inayovuta ganda kwa kijiti cha meno; kipande cha uchafu kama punje ya mchanga kinatosha kuizuia ishike ukingo. Tone moja jepesi la mafuta kila upande bolti inapoteleza, basi. Grisi nzito na risasi za polepole hazipatani, hasa kwenye baridi.

Ukishaifunga, vuta mkono wa bolti taratibu bunduki ikiwa tupu. Usikie ulaini kutoka mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa pale inapokoki nyundo, ambapo ni kawaida kuhisi uzito kidogo. Mkwaruzo mwingine wowote utafute uliko, kwa sababu teke dogo litausikia kabla yako.

Hatua ya 6: Magazini

Tumia ya kiwandani. Zile kubwa za bei rahisi za watengenezaji wengine zina springi ngumu inayozibana risasi juu dhidi ya tumbo la bolti, na huo ni mkwaruzo mwingine wa kulipia. Kwa majaribio weka risasi tano tu. Kwa Marlin 60, yenye bomba, toa fimbo ya ndani uifute nta.

Hatua ya 7: Jaribu, na usome kila kukwama

Kwanza usalama, maana risasi tulivu zina hatari yake. Risasi dhaifu kupita kiasi inaweza kuacha kichwa katikati ya mtutu. Kwa risasi kali ungeshtuka kwa tofauti ya sauti. Kwa risasi zinazonong'ona tangu mwanzo, hutashtuka. Kwa hiyo hesabu matundu kwenye karatasi. Umefyatua, bolti haikusogea, na tundu jipya hulioni: acha. Usikoki uendelee. Subiri bunduki ikielekea upande salama kwa angalau sekunde 30, toa kila kitu, fungua bolti, kisha hakikisha mtutu unapitisha ufito mpaka mwisho. Ukifyatua nyuma ya kichwa kilichokwama, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Baada ya hapo, kila kukwama kunakuambia bolti ilifika wapi.

Ganda limebaki chembani na bolti imefungwa: teke halikutosha hata kulitoa, au ndoano iliteleza. Rudi kwenye chemba na ndoano.

Ganda limesimama mlangoni limebanwa kama bomba la moshi: bolti ilirudi lakini kwa uvivu. Risasi iko ukingoni mwa kinachowezekana, na usafi au mafuta kidogo mara nyingi huivusha.

Ganda limetoka vizuri lakini chemba ni tupu: bolti ilifika kwenye kitupa ganda ila haikupita nyuma ya risasi inayofuata. Hapa umebakiza kidogo sana. Badilisha aina ya risasi kabla ya kubadilisha chuma chochote.

Ganda limetoka, lakini risasi mpya imegonga pembeni na pua yake imepinda: hilo ni la magazini, au la pua laini yenye shimo. Watu hulichanganya na upungufu wa nguvu, wakaishia kununua springi wasizozihitaji.

Na ile alama uliyoweka chini? Maganda ya risasi za polepole yataanguka karibu zaidi, hilo ni sawa mradi yanaanguka mahali pamoja. Yakianza kusogea karibu nawe kadiri unavyofyatua, chemba inachafuka, na unajua kwamba kukwama kunakuja kabla hakujafika.

Hatua ya 8: Springi, kama bado unaitaka

Springi iliyochakaa au kupinda, badilisha kwa mpya ya kiwandani. Ya Marlin 60 ni nyembamba na ndefu, hupinda kirahisi wakati wa kufungua bunduki.

Springi nyepesi siipendi, na kuikata iliyopo ni marufuku kwangu. Springi hiyo ni sehemu ya kinachoishikilia bolti. Ukiilegeza ili risasi ya teke la 562 ifanye kazi, siku mtu atakapotia risasi za teke la 978 bolti itafunguka mapema na kugonga nyuma kwa nguvu, na ganda linaweza kupasuka likiwa nusu nje ya chemba, karibu na uso wake. Inayojua springi imelegezwa ni kumbukumbu yako tu, na bunduki hudumu kuliko kumbukumbu. Ukiamua hata hivyo, iachie fundi, na uandike kwenye kitako ni risasi gani zinazoruhusiwa.

Hatua ya 9: Panga shabaha upya

Usidhani risasi ya polepole itapiga palepale. Nikiipanga darubini kwa mita 25, risasi ya mita 320 kwa sekunde hushuka sentimita mbili au tatu tu kwenye mita 50. Ya mita 216 hushuka kama kumi. Ukiipanga hiyo ya pili kwa mita 50 na kujaribu 100, utapiga zaidi ya nusu mita chini. Ni risasi za karibu, na zinataka ujue umbali kwa uhakika.

Panga kwa kila aina ya risasi, uandike idadi ya mibofyo ya darubini kwenye karatasi ndogo ukaibandike ndani ya mfuniko wa lenzi. Ukishapata aina ambayo bunduki inaila na kuilenga, rudi dukani ununue nyingi zenye namba ileile ya bechi iliyochapwa kwenye boksi. Bechi nyingine ya jina hilohilo inaweza kuhitaji upange tena. Kisha nawa mikono kabla ya kula, maana vichwa hivi visivyofunikwa huacha madini ya risasi kwenye vidole.